Pigo la Nane

Jumamosi iliyopita niliondoka kwenye karamu ya harusi ya binamu yangu, mtaa wa Bel-Air hapa Lubumbashi, sahani ya kuku ikiwa bado mkononi. Ilikuwa saa tisa mchana. Walipiga wimbo wetu. Akina mama wakavua viatu, wakajipanga mistari miwili, mbele hatua nne, nyuma hatua nne, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Hata baba wa bwana harusi, ambaye goti lake linamsumbua tangu zamani, alisimama. Kijana mmoja wa upande wa bibi harusi akanifuata nje hadi kwenye magari. "Mukubwa, wimbo yenu inapigwa, weye unatoroka? Juu ya nini?" Nikamwambia nimeshiba. Uongo mtupu, sikuwa nimeonja hata bawa.

Mdogo wangu hakuwapo. Siku hizi hakanyagi penye spika.

Niseme wazi tangu mwanzo, maana nimechoka kuzungukazunguka. Ndani ya wimbo ule kuna vidole viwili vya mdogo wangu ambavyo hana tena. Mahali pekee ambapo vidole vile bado vinakimbia juu ya nyuzi ni kwenye albamu yetu, ya kwanza na ya mwisho, na humo navyo vimelazimishwa kupiga kitu ambacho havikupiga kamwe. Mimi ndiye niliyevipeleka. Watu wakinipongeza kwa wimbo ule natamani kuwatemea mate, halafu natabasamu na kusema aksanti.

Tulikuwa watatu. Mimi gitaa, mdogo wangu gitaa, na jirani yetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, kwenye zile ngoma za kisasa zinazopigwa kwa vijiti, ambazo sisi tunaziita batri. Besi hatukuwa nayo, mwimbaji hatukuwa naye, na hatukumtafuta. Katika mji huu bendi bila mwimbaji ni harusi bila nyama. Kila tuliyemwambia aliuliza swali lile lile: na majina ya wakubwa mutataja wapi? Maana watu wamezoea hivyo, wimbo bila mwimbaji wa kumsifu bosi fulani na mke wake hauna faida kwa mtu yeyote. Tukawaambia hatutaji mtu. Wakacheka, wakatuonea huruma, wakaendelea na safari zao.

Muziki wenyewe vijana wa mtandaoni wanauita math rock, yaani rock ya hesabu. Mdogo wangu ndiye aliyeupata kwenye simu, bendi ya watu wa mbali huko, magitaa yanakimbizana na hakuna anayeimba. Mimi nilisikia kelele. Yeye alicheka hadi akakaa chini. "Yaya," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "hawa bantu banahesabu sawa mashine ya kusaga ya kwetu."

Mashine ile ilikuwa mtaani kwetu Naviundu, nyumba tatu kutoka kwetu. Mama alikuwa anatutuma na beseni la mahindi, tunakaa kwenye foleni na beseni zetu na vumbi la unga linatushika kwenye nyusi. Mkanda wa mashine ulikuwa umeungwa kwa vibanio vya chuma, na kibanio kimoja kilikuwa kimeng'oka tangu kabla hatujazaliwa, nafikiri. Kwa hiyo mkanda ukizunguka uligonga mara saba, kisha unaanza upya. Saba, upya. Saba, upya. Mama alisema mashine inachechemea. Mdogo wangu, angali mtoto wa miaka sita, alikuwa anabishana naye: haichechemei, iko natembea mutembeo yake. Tulicheza kwenye foleni kwa mwendo ule, watoto wa kwetu wawili peke yetu, wengine wakituangalia kama wapumbavu.

Nieleze, kwa sababu bila hili hamtaelewa kosa langu. Rumba, nyimbo za kanisani, nyimbo za harusi, zote zinahesabu nne na nne, na mguu unajua mahali pa kutua. Yetu ilihesabu hadi saba, halafu ikaanza tena kabla mwili haujawa tayari. Pigo la nane ambalo masikio yako yanalingojea halipo. Mguu umeinuliwa na wimbo umeshaondoka. Utamu wote ulikuwa pale pale, kwenye lile pigo ambalo halikuja. Ukilileta, umeua wimbo.

Mdogo wangu aliichukua ile saba akaitia mwilini. Alikuwa anaosha vyombo kwa saba, anapasua kuni kwa saba. Mimi nilikuwa natumika kwenye duka la vifaa vya ofisi katikati ya mji, nikirudi jioni namkuta amekaa kwenye stoo nyuma ya nyumba, gitaa mapajani, uzi mwembamba kabisa akiwa ameutoa kwenye waya wa breki ya baiskeli kwa sababu wa dukani ulikatika. Mkono wake wa kushoto haukuwa unabonyeza tu, ulikuwa unaruka, unagonga nyuzi, unazichuna wenyewe, huku mkono wa kulia ukifanya mambo yake mengine. Mimi ni mkubwa wake kwa miaka minne na mimi ndiye niliyemfundisha kushika gitaa. Kufikia wakati ule nilikuwa namfuata kwa taabu, na wivu niliuona, nisidanganye. Lakini nilijivuna pia. Nilikuwa nasema kwa watu dukani, mdogo wangu hakuna anayempata, na nilikuwa sidanganyi.

Tulipokuwa na vipande vinane tukaenda kwa mzee mmoja wa Bel-Air aliyekuwa na studio. Studio ni neno kubwa. Ilikuwa chumba cha nyuma ya nyumba yake, trei za mayai zimebandikwa ukutani, kompyuta moja, vinasa sauti viwili. Kwaya zote za maparokia zilikuwa zinapita pale. Mzee mwenyewe alikuwa mwalimu wa kwaya yetu tulipokuwa watoto. Yeye ndiye aliyetufundisha kuhesabu, akitugonga kalamu ya risasi begani: moja, mbili, tatu, nne. Babu yetu na baba yake walitoka kaskazini kuja kutumika kwenye reli, na tangu hapo sisi ni watoto wake na yeye ni papa, yaani baba. Tulipomwomba hakuuliza kitu. Alisema, "Batoto ya kwaya yangu, mukuye Siku ya Posho."

Siku ya Posho ni Jumamosi. Tulikuwa tunaanza asubuhi umeme ukiwapo, kwa sababu jenereta ya jirani ikiwaka inanguruma hadi ndani ya vinasa sauti. Zilikuwa Jumamosi sita. Mzee alikaa kwenye kiti chake, miwani kwenye ncha ya pua, akigonga sakafu kwa kiatu. Nne. Mzunguko wa kwanza kiatu kilikwenda, wa pili kikasita, wa tatu kilikuwa kimepotea kabisa. Alikuwa anakitazama kiatu, halafu anatutazama sisi, kwa huruma. Hakusema neno. Alikuwa mtu wa adabu. Sisi pia tulikuwa watu wa adabu. Adabu ilijaa kile chumba hadi pumzi ikakosa nafasi.

Kipande cha mashine ya kusaga mdogo wangu alikipiga mara moja tu. Dakika tano na kitu, macho amefumba, kosa hata la dawa hakuna. Alipomaliza, mwalimu wetu wa batri aliweka vijiti chini akajifunika uso kwa mikono. Mzee akasema, "Eh, mutoto, unajikaza." Ndivyo tunavyomwambia mtoto aliyeteleza kwenye ngazi akajishika asianguke. Nilisikia, na ningeelewa kama ningetaka kuelewa.

Wiki ile ile mdogo wangu akapata kazi ya kupakia mawe ya madini upande wa Kolwezi, akatakiwa aondoke Jumatatu. Kurekodi kulikuwa kumekwisha. Kulibaki mzee kuchanganya sauti, kupandisha hii, kushusha ile, kisha basi. Nilimsindikiza mdogo wangu mahali pa kupandia basi, begi lake nimelishika mimi. Akanivuta pembeni.

"Yaya, weye njo utabakia na papa. Umuambie neno moja tu. Saba haiko kosa. Asiiguse."

"Nitamuambia."

"Umuambie mu kinywa. Hapana mu message."

"Nimesema nitamuambia. Panda."

Alikuwa anajua. Alikuwa amekiona kile kiatu.

Sasa niwaeleze desturi yetu, mwone jinsi mtu anavyojinyonga kwa mikono yake mwenyewe. Kwetu mtu haweki kazi yake mbele ya mkubwa na kuisifu. Mama akiwaandalia wageni bukari ya moto, yaani ugali, samaki, kisamvu tunachokiita sombe, na nyama juu yake, anasema, mutusamehe, leo hatuna chakula. Fundi akileta mlango ulionyooka kabisa anasema, papa, kuko mahali pamepinda, munivumilie. Na mwenye kupewa anajibu: hapana, iko muzuri. Basi. Kila mmoja amefanya sehemu yake, watu wanakula, mlango unafungwa. Hakuna anayechukua randa na kuanza kuukwangua mlango.

Nilikwenda kwa mzee Jumamosi iliyofuata. Njia nzima nilikuwa nalirudia lile neno moja. Mke wake akaniletea chai na mkate. Mzee akaniuliza habari za mama, habari za mdogo wangu, akasema atamwombea huko kwenye mawe. Kisha akavua miwani akaifuta, akanigeukia, akangoja. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini nitamwambiaje mtu aliyenifundisha kuhesabu hadi nne kwamba saba yangu asiiguse? Mimi, niliyekuwa nakojoa kwenye kaptula mbele yake siku ya Noeli? Nikasema kile ambacho mtoto aliyelelewa vizuri husema.

"Papa, kazi yetu iko na makosa mingi. Tungali batoto. Mututengenezee pale tulikosea."

Nikangoja aseme, hapana, iko muzuri.

Akainuka kwenye kiti. Akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito, wa joto. "Aksanti Mungu," akasema. "Nilikuwa naogopa kusema."

Hapo bado nilikuwa na nafasi. Mtu asinidanganye kwamba sikuwa nayo, nimeshajidanganya vya kutosha. Chai ilikuwa bado ya moto. Ningeweza kusema, papa, samahani, ile saba si kosa, mdogo wangu ameniagiza. Maneno machache tu. Badala yake nilicheka kacheko kadogo, nikamaliza mkate, nikaaga kwa mikono miwili. Njiani nikajiambia atapunguza sauti hapa na pale, mzee wa watu, atafanya nini zaidi.

Baada ya majuma mawili mlango wa nyuma wa lori ulimwangukia mdogo wangu mkono. Mkono wa kushoto. Kidole cha shahada na cha kati vilibaki kwenye chuma, na wenzake walisema hakulia, aliuliza tu viko wapi. Nilimkuta hospitali mkono umefungwa bandeji nene hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumfariji. Yeye ndiye aliyeanza.

"Albamu iko?"

"Iko."

"Ile ya mashine, nilipiga yote?"

"Ulipiga yote. Iko mule, nzima."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Ulimuambia papa?"

"Nilimuambia."

Mtu aliyekatwa vidole unamwambia nini? Ndivyo nilivyojitetea wakati ule. Leo nasema nilidanganya kwa sababu nilikuwa mwoga, na mwoga hupenda sana kujiita mwenye huruma.

Kesho yake nilirudi Lubumbashi na kutoka kituoni nikaenda moja kwa moja Bel-Air, bila kupita nyumbani. Nilikuwa nimepiga moyo konde. Mzee alinikuta kwenye geti, macho mekundu kwa kukaa mbele ya kompyuta, na kabla sijafungua kinywa akanikumbatia. Alikuwa amesikia. Alilia begani mwangu. "Hii kazi sasa naifanya juu yake," akasema. "Mukono yake isipotee bure. Nimebakisha bipande mbili. Usiingie, mutasikia wote pamoja." Akafunga geti taratibu. Na mimi, niseme nini, nilishukuru kufungiwa nje.

Tulisikia wote pamoja. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi tena. Mama alikuja na kitambaa chake cha sikukuu, mwalimu wetu wa batri alikuja na shati la pasi, mdogo wangu mkono umening'inizwa shingoni kwa kanga ya mama. Mke wa mzee alipanga soda na biskuti kwenye meza. Mzee alikuwa amevaa tai. Alisali kwanza, akamshukuru Mungu kwa vipaji vya watoto, kisha akabonyeza.

Magitaa yalikuwa yetu. Sauti safi sana, safi kuliko nilivyowahi kutusikia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Nane.

Nane.

Alikuwa amechukua noti ya mwisho ya mdogo wangu katika kila mzunguko, akaikata, akainakili, akaipachika tena mwisho ili nafasi ijae. Kila mzunguko. Vipande vyote vinane. Vidole vile vilikuwa vinagonga mara moja zaidi, kila mara, kwa adabu, kama watoto wa kwaya. Juu yake alikuwa ameweka makofi. Mguu wa mama ulianza kugonga sakafu. Kwa mara ya kwanza maishani aliweza kuufuata muziki wa wanawe, na machozi yakamtoka kwa furaha, akanishika goti. Mwalimu wa batri alitikisa kichwa, kwanza kwa mshangao, halafu, nilimwona kwa macho yangu, kwa raha. Nikamtazama mdogo wangu. Uso wake haukuwa na kitu. Alikuwa anatazama trei za mayai.

Mzee alieleza, na alieleza kwa unyenyekevu. Alikuwa ameona kuna mahali tunaruka, kila mara ni pale pale, akajua watoto wanaharakisha. Akajaza. Kimoja kimoja, kwa mkono, majuma matatu, na daktari amemkataza kukaa mbele ya kioo cha kompyuta. Vipande vyetu havikuwa na majina, tulikuwa tunaviita kwa hesabu, saba, tatu-mbili-mbili, mashine, basi amevipa majina. Mashine ya kusaga ilikuwa sasa inaitwa Asubuhi ya Furaha.

Mwalimu wa batri ndiye aliyeuliza. "Papa, na ile ya mwanzo? Ile vile tulipigaka?"

"Nilifuta," mzee akasema. "Kompyuta ilijaa, kwaya ya Pasaka ilikuwa nangoja. Na ile ilikuwa na makosa."

Mdogo wangu akasimama. Akaenda hadi kwa mzee, akampa mkono wa kulia, na ule wa kushoto, wenye bandeji, akauleta polepole kuushikilia ule wa kulia chini ya kiwiko, kama tunavyosalimia wakubwa. Nilimwona anauma meno kwa maumivu. "Aksanti, papa," akasema. "Mumetusaidia sana." Mzee alilia tena. Mama akapiga vigelegele.

Tulirudi Naviundu kwa miguu. Mama na mwalimu wa batri walitangulia, mama bado anaimba ile Asubuhi ya Furaha kwa pua. Mdogo wangu alitembea kando yangu.

"Ulimuambia nini?" akauliza.

Ningeweza kudanganya tena. Nilichoka tu. "Nilimuambia atengeneze makosa."

"Makosa ya nani?"

"Yetu. Ni vile bantu banasemaka, unajua. Ni heshima."

Akasimama. Magari yalikuwa yanapita, vumbi likaja, tukangoja lipite. Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige, hata kwa ule mkono.

"Miye sikukosea, yaya," akasema. "Hata mara moja."

"Najua."

"Najua unajua. Papa njo hajui. Yeye anafikiri nilikuwa nakosea, kila mara, pale pale. Atakufa anafikiri vile." Akaifunga vizuri ile kanga shingoni. "Rudia kwake. Sitaki afanye kitu, imekwisha. Umuambie tu. Ajue."

Nikasema nitamwambia.

Huu ni mwaka wa tatu. Tulijaribu kuikata ile nane, rafiki mmoja mwenye kompyuta alikaa nayo siku mbili. Saba ilitoka, ndiyo, lakini makofi yaliruka, sauti zilivunjika, kila mzunguko ukawa na kovu. Mdogo wangu alisikiliza nusu dakika akasema tuache. Nilijaribu kukipiga mimi kile kipande cha mashine. Vidole vyangu vyote kumi ninavyo na sikufika hata katikati. Mashine yenyewe iliuzwa kwa vyuma chakavu, kuna ya umeme sasa, inavuma tu. Mwalimu wa batri aliuchukua wimbo kama ulivyo, na makofi yake, anaupiga kwenye karamu na vijana wengine. Nilimgombeza mara moja. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mukubwa, bantu banacheza. Ulikuwa nataka nini?" Jibu lolote lingeanzia kwangu mimi mwenyewe, na tangu siku ile hatusalimiani vizuri.

Kwa mzee nimekwenda. Nimekwenda sana, msidhani. Nafika, chai inakuja, ananiuliza habari za mama, anaulizia ule mkono, naye nywele zimekwisha kuwa nyeupe zote na macho yanamfifia. Nasema tuko wazima. Zamani nikirudi mdogo wangu alikuwa anauliza, "Ulimuambia?" Nasema leo alikuwa na wageni, leo alikuwa mgonjwa. Siku moja aliacha kuuliza. Sikumbuki ni lini, na hilo nalo linaniuma, kwamba sikugundua.

Jana, Jumapili, siku moja baada ya ile harusi niliyoikimbia, tulitoka misa ya pili pamoja, mimi na mdogo wangu. Mzee alikuwa kwenye ngazi za kanisa, ameshika fimbo. Nilimsalimia, akanitambua kwa sauti. Akanishika mikono yote miwili, uso unang'aa.

"Banasema jana banacheza wimbo yenu ku harusi, hata baba ya bwana harusi. Unaona? Mungu hapotezi kazi ya mutu." Kisha akanivuta karibu. "Mukipiga ingine, muniletee. Macho iko naisha, lakini matwi, masikio haya, iko. Nitatengeneza."

Mdogo wangu alikuwa hatua mbili kutoka kwetu. Alisikia kila neno. Hakumtazama mzee, alinitazama mimi, mkono wa kushoto ukiwa mfukoni kama anavyouweka siku zote mbele za watu. Hakukuwa na wageni, mzee hakuwa mgonjwa, na nyuma yetu watu walikuwa wanateremka kwa utulivu, hakuna mwenye haraka. Ilikuwa sentensi moja. Aliingoja, nilimwona anaingoja.

"Aksanti, papa," nikasema. "Mutatusaidia."